Shajara ya mradi: kuweka ukuta wa bwawa la mchanga ndani ya modeli ya maji ya ardhini

Ukambani, na hasa Kitui, mabwawa ya mchanga yamekuwa tegemeo la watu kwa miaka mingi. Unajengwa ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto wa msimu, mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanabaki ndani ya mchanga jua lisiyafikie. Kamati moja ya maji ina swali ambalo nimeshindwa kulijibu kwa macho tu: bwawa lao linakauka mapema. Je, wajenge ukuta wa pili chini zaidi, au warekebishe huu uliopo?

Nimeamua kulijibu kwa modeli, na kuandika kila hatua hapa ili mwanafunzi au fundi yeyote wa maji aweze kuirudia. Programu ni MODFLOW 6 ya USGS, taasisi ya jiolojia ya Marekani, nami naiendesha kwa FloPy, maktaba ya lugha ya kompyuta ya Python. Zote mbili ni za bure.

11 Januari 2025: mto bila ukuta

Nimeanza na mto wa mfano, mnyoofu na rahisi, kusudi kila jibu liweze kuhakikiwa kwa kalamu. Upana wa mita 20, mchanga wa kina cha mita 3, upitishaji wa mchanga (K) mita 40 kwa siku. Seli, yaani vipande vya mraba ambavyo modeli inaugawa mto, ni za mita 5 kwa 5, safu 4, nguzo 41, kwa hiyo kutoka katikati ya seli ya kwanza hadi katikati ya seli ya mwisho ni mita 200 kamili. Kimo cha maji kimefungwa pande zote mbili, tofauti ni mita 2.

Hesabu ya Darcy (K × eneo la mkato × tofauti ya kimo ÷ urefu): 40 × 60 × 2 ÷ 200 = mita za ujazo 24 kwa siku. Modeli imetoa 24. Usiendelee mbele kabla ya kuona namba hii.

Gharama hadi sasa: data ya intaneti, shilingi 1,000.

18 Januari 2025: njia ya kwanza, kuzima seli

Ukuta haupitishi maji, basi wazo linalomjia kila mtu ni kuzima seli zilizo mahali pake. Kwenye MODFLOW 6 unaweka IDOMAIN kuwa 0 na seli hizo zinatoka kwenye hesabu kabisa. Nimezima nguzo ya 21.

Mtiririko umekuwa sifuri, na modeli imetulia bila kulalamika. Lakini njia hii nimeiacha kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ujazo. Ukuta halisi una unene wa mita 1, seli ina mita 5. Mita 4 zilizobaki ni mchanga halali ambao modeli imeutupa: mita za ujazo 240 za mchanga. Ikiwa robo ya mchanga huo ni maji yanayoweza kutoka, ni mita za ujazo 60, yaani mitungi 3,000 ya lita 20. Kwa bwawa dogo hicho si kiasi cha kupuuza.

Ya pili ndiyo nzito zaidi. Seli iliyozimwa haina jibu la kutoa. Huwezi kuiuliza ukuta unavuja kiasi gani, kwa sababu tayari umeshaiambia kwamba hauvuji.

Angalizo kwa atakayejaribu: usiweke IDOMAIN kuwa -1 ukidhani ni aina nyingine ya kuzima. Thamani hiyo huunganisha seli ya juu na ya chini moja kwa moja, na maji hupita wima kana kwamba hapo katikati hapana kitu.

25 Januari 2025: njia ya pili, seli yenye upitishaji mdogo

Nimeiwasha tena nguzo ya 21 na kuipa K ya mita 0.001 kwa siku, kiwango kinachofaa ukuta wa mawe uliojengwa vizuri kwa saruji.

Mtiririko: takriban lita 24 kwa siku, mtungi mmoja na kidogo. Jibu hili linapendeza lakini si sahihi, kwa sababu modeli imejenga ukuta wa mita 5. Kinachozuia maji ni ukinzani, yaani unene kugawanya kwa K. Ukuta wa mita 1 una ukinzani wa siku 1,000. Seli ya mita 5 yenye K hiyohiyo ina siku 5,000, mara tano ya ule wa kweli.

Marekebisho ni kuipa seli K ya 0.005 badala ya 0.001. Ukinzani unarudi 1,000 na uvujaji unapanda hadi karibu lita 119 kwa siku, sawa na mitungi sita. Kwa njia hii kila anayebadilisha ukubwa wa seli lazima abadilishe na K ya ukuta. Akisahau, ukuta unanenepa au unakonda kimyakimya.

8 Februari 2025: njia ya tatu, kizuizi kwenye mpaka wa seli

Pakeji ya HFB (kizuizi cha mtiririko wa mlalo), sehemu ya ziada ya MODFLOW, ilitungwa na Paul Hsieh na John Freckleton wa USGS, ikachapishwa 1993, kwa ajili ya hali hii hasa: kitu chembamba kisichopitisha maji vizuri, kama ukuta au ufa wa mwamba uliojaa udongo wa mfinyanzi, ambacho hakistahili kupewa seli nzima. Hsieh huyu ndiye ambaye mwaka 2010, kisima cha mafuta cha Macondo kilipofunikwa kwenye Ghuba ya Meksiko, alitumia MODFLOW kuonyesha kwamba shinikizo lililopimwa lililingana na kisima kisichovuja, na kifuniko kikaachwa mahali pake. Nalitaja hili kwa wanafunzi wanaodhani programu za maji ya ardhini haziamui mambo makubwa.

HFB haichukui nafasi. Unataja seli mbili zinazopakana na thamani moja, ambayo ni K ya ukuta kugawanya kwa unene wake. Kwetu ni 0.001 ÷ 1 = 0.001 kwa siku. Mstari mmoja kwenye FloPy unaonekana hivi:

((0, r, 19), (0, r, 20), 0.001)

r ikipita safu zote nne. Jibu: lita 119. Linaoana na hesabu ya kalamu, na sasa nikibadilisha ukubwa wa seli ukuta haubadiliki.

Jambo moja lilikula muda mwingi. Nilipoongeza tabaka la pili chini ya mchanga, mtiririko uliruka hadi mita za ujazo 24 na kitu, kana kwamba ukuta haupo. Programu haikutoa onyo lolote. Sababu: FloPy huhesabu kuanzia 0, ilhali faili za MODFLOW zenyewe huhesabu kuanzia 1. Kizuizi kilikuwa kimeandikwa tabaka "1", kikaenda kukaa kwenye tabaka la pili, chini ya mchanga, na mchanga wote ukabaki wazi. Tangu siku hiyo kila mara naendesha modeli mara mbili, na ukuta na bila ukuta, kabla ya kuamini chochote. Majibu mawili yakifanana, kizuizi kimekaa mahali pengine.

15 Februari 2025: mabawa ya ukuta

Ukuta halisi una mabawa yanayoingia kwenye kingo za mto kwa mshazari. HFB hufuata mipaka ya seli tu, hivyo mshazari unakuwa ngazi. Kwa bawa la nyuzi 45, urefu wa ngazi ni mara 1.41 ya urefu halisi, na uvujaji unaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Nimezidisha thamani ya kizuizi kwa 0.71 kwenye mabawa na hesabu imekaa sawa.

Hatari kubwa zaidi ni kuruka ngazi moja. Mpaka mmoja usiozibwa ni mlango wa mita 5, na ramani ya vimo vya maji haiuonyeshi vizuri. Nimeandika kikaguzi kifupi: kinaanzia seli moja iliyo upande wa juu wa ukuta na kutembea seli kwa seli bila kuvuka kizuizi chochote. Kwa muda wa ukaguzi naurefusha ukuta hadi ukingo wa modeli pande zote mbili. Kikaguzi kikifika upande wa chini, ukuta una tundu, na kinanionyesha seli kilipopenyea. Kimenasa tundu moja kwenye bawa la kushoto.

22 Februari 2025: maji yanapanda juu ya ukuta

Nimeingiza misimu miwili ya mvua. Kimo cha maji upande wa juu wa ukuta kimepanda hadi kupita ukingo wa mto. HFB huziba kimo chote cha seli, haijui kwamba ukuta una kilele na kwamba mafuriko hupita juu yake.

Nimeweka pakeji ya DRN kwenye seli zinazopakana na ukuta upande wa juu, kimo chake kikiwa sawa na kilele cha ukuta. Maji yakifika hapo yanatoka kwenye modeli kama mafuriko. Nimewasha pia NEWTON, kwa kuwa seli za upande wa chini hukauka kiangazi na bila chaguo hilo hesabu ilikuwa inakwama.

1 Machi 2025: mtihani wenye jibu linalojulikana

Kabla ya kuutazama mwamba ulio chini ya ukuta, nilitaka kujua kama modeli inaweza kuaminiwa maji yanapopita chini ya ncha ya ukuta. Kuna tatizo la zamani la wahandisi lenye jibu kamili: udongo wa kina cha mita 10 juu ya mwamba usiopitisha maji, ukuta mwembamba umeshindiliwa hadi mita 5, nusu ya kina. Kwa nusu kamili, mtiririko chini ya ukuta ni 0.5 × K × tofauti ya kimo. Nikiweka K ya 1 na tofauti ya mita 2, lazima nipate mita ya ujazo 1 kwa siku kwa kila mita ya ukuta.

Seli za mita 1, mita 40 kila upande, vimo vimefungwa kwa CHD (pakeji ya kimo kisichobadilika) kwenye tabaka la juu. Jibu lilikuwa karibu sana na 1. Ningeweza kuishia hapo.

Lakini CHD hufunga kimo katikati ya seli, yaani nusu mita chini ya uso wa udongo. Njia ya maji inafupishwa pande zote mbili na mtiririko unazidi. Nimeiondoa na kuweka GHB (pakeji inayoshika kimo kupitia ukinzani) yenye kondaktansi, yaani wepesi wa kupitisha maji, ya nusu seli: K mara eneo kugawanya kwa 0.5, yaani 2. Sasa kimo kinashikwa usoni, panapostahili. Jibu likashuka chini ya 1.

Kumbe palikuwa na makosa mawili yanayovutana. Seli kubwa kwenye ncha ya ukuta hubana mtiririko, kwa sababu hapo ndipo maji hujikunja kwa kasi na gridi pana haioni mkunjo huo. CHD iliongeza, seli kubwa zilipunguza, jumla ikaonekana nzuri. Nilipozipunguza seli hadi robo mita karibu na ncha, jibu lilisogea kuelekea 1 kutoka chini, na likaendelea kusogea kadiri nilivyopunguza.

Nawasihi wanaofuata shajara hii wasiiruke hatua hii. Huchukua jioni moja, na ndiyo iliyoniandaa kwa yaliyofuata.

15 Machi 2025: chini ya ukuta

Huu ndio moyo wa mradi.

Msingi wa ukuta mara nyingi haukai juu ya mwamba mzima. Unakaa juu ya mwamba uliooza, ambao jembe la ncha linauvunja na maji yanapita ndani yake polepole. Nimeongeza tabaka la mita 1 chini ya mchanga, K ya kukisia mita 0.5 kwa siku, ukuta ukiishia juu yake.

Na seli za mita 5 pamoja na HFB, mtiririko ni karibu mita za ujazo 3.4 kwa siku. Kati ya hizo, zinazopita ndani ya ukuta wenyewe ni takriban 0.1 tu. Zilizobaki zote zinapita chini.

Kisha nikapunguza seli karibu na ukuta hadi nusu mita, bila kugusa kingine chochote. Mtiririko ukapanda hadi 8.5. Mto ni uleule, ukuta ni uleule, K ni ileile, na jibu limekuwa mara mbili na nusu. Katika seli za mita 5, maji yanayopita chini ya ukuta hulazimishwa kusafiri mita 5 ndani ya mwamba uliooza, hata kama msingi ni wa mita 1.

Je, 8.5 ndiyo kweli? Hapana, nayo ina kasoro kwa upande wa pili. HFB haina unene, kwa hiyo kwenye gridi ya nusu mita maji yanapita chini ya ukuta uliokonda kama karatasi. Msingi halisi wa mita 1 huyalazimisha yasafiri zaidi. Nimeiondoa HFB sehemu hii na kuuchora ukuta kama seli mbili za nusu mita zenye K ya 0.001. Jibu: karibu 6.0.

Kanuni ninayofuata tangu leo ni hii: seli zikiwa pana kuliko ukuta, HFB ndiyo njia, seli zikiwa nyembamba kuliko ukuta, chora ukuta wenyewe. Na popote maji yanapoweza kupita chini au pembeni, seli za hapo lazima ziwe ndogo kuliko unene wa msingi, la sivyo namba unayoisoma ni ya gridi na wala si ya mto.

Kwa lugha ya kamati: ukuta unavuja mitungi sita kwa siku. Chini yake yanapita maji ya mitungi mia tatu.

29 Machi 2025: bwawani

Kila kitu sasa kinategemea ile K ya 0.5, ambayo ni ya kukisia. Nimekwenda bwawani. Mwenyekiti wa kamati hakunipeleka kwenye ukuta. Alinipeleka chini yake, kwenye kipande cha majani mabichi katikati ya mawe makavu.

"Mwalimu, haya hayakauki hata mwezi wa tisa. Mwaka wa kwanza tulifurahi, tukafikiri ni chemchemi."

Nikampigia mstari mchangani kumwonyesha njia ya maji chini ya msingi. Akaniambia mafundi walipochimba msingi waliacha pale jembe lilipoanza kulia, kwa vile mvua ilikuwa imekaribia.

Tumezamisha mabomba matatu ya PVC ya inchi 2 kwenye mwamba uliooza, kila moja likiwa na nusu mita ya matundu chini. Jaribio ni la kujaza bomba maji na kupima kushuka kwake, hesabu kwa kanuni ya Hvorslev ya 1951. Kwa bomba la ukubwa huu, K ya 0.5 ingemaanisha maji kushuka hadi asilimia 37 ya kimo cha mwanzo kwa dakika nne na nusu hivi.

Bomba la kwanza halikufaa. Maji yalishuka mara moja kwa sababu yalipita nje ya bomba, kati yake na ukuta wa shimo. Tumelizungushia udongo wa mfinyanzi uliokandwa na kurudia, na namba zikatulia. La pili liliziba matope, tumeliosha kwa kuvuta na kurudisha maji. Mabomba yote matatu yamekubaliana vya kutosha: karibu dakika mbili. Hiyo ni K ya mita 1.1 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya kukisia kwangu.

Gharama: mabomba, vifuniko na gundi, shilingi 3,150. Vibarua wawili, 1,600. Usafiri, 1,800. Jumla ya mradi hadi leo ni 7,550.

5 Aprili 2025: majibu kwa kamati

Kwa K ya 1.1, mtiririko chini ya ukuta ni karibu mita za ujazo 10 kwa siku wakati tofauti ya kimo ni mita 2. Mitungi 500. Kiangazi kikiendelea kimo hushuka na mtiririko hupungua nacho, lakini kiasi hicho kinatosha kueleza kwa nini bwawa linawahi kukauka.

Nimejaribu marekebisho mawili kwenye modeli. La kwanza, kuchimba upande wa juu wa ukuta na kuongeza msingi nusu ya tabaka lililooza. Mtiririko umepungua, lakini kwa chini ya nusu. Jibu hilo linaendana na mtihani wa 1 Machi: ukuta unaoishia katikati ya kina bado unaacha maji mengi yapite, kwa sababu yanajikunja tu na kuendelea. La pili, kuufikisha msingi hadi mwamba mzima. Mtiririko umeshuka hadi takriban lita 160 kwa siku, mitungi minane.

Kwa hiyo nimewaambia wasijenge ukuta wa pili kwanza. Wachimbe mtaro upande wa juu hadi jembe ligonge mwamba usiovunjika, na wasikubali fundi asimamishe kazi nusu njia, hata akiahidi kuongeza saruji. Saruji zaidi kwenye ukuta wenyewe ingeokoa sehemu ya mitungi sita tu.

Kamati imekubali kusubiri masika ipite na maji yapungue ndipo mtaro uchimbwe. Mabomba matatu yamebaki mahali pake, na kijana mmoja wa kamati anasoma kimo kila Jumamosi kwa kamba yenye alama. Baada ya masika nitaweka vipimo vyake hapa na kuendesha modeli upya, safari hii tabaka lililooza likigawanywa mara nne badala ya moja, maana hapo ndipo gridi bado ni nene.